Niliwaambia Wote Isipokuwa Wewe

Chumbageni, Tanga
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mwanangu Rukia,

Barua tulizofundishwa shuleni zote zilianza kwa sentensi moja: mimi ni mzima wa afya, sijui wewe. Nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeikata. Nusu yake ya kwanza inahitaji maelezo, na nusu ya pili ndiyo sababu ya barua yenyewe. Basi tuanze bila hiyo. Nakusalimu, na nakuarifu kwamba nimefunga kibanda cha baiskeli mapema, nimekaa barazani na daftari lako la zamani la fizikia, kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia. Wewe uko Pongwe kwa bibi yako, umekwenda kumuaga. Namjua mama yangu anavyoaga watu. Hutaachiwa kabla ya saa kumi na moja, na utaondoka na kuku. Kwa hiyo nina muda.

Mambo ya Mbeya, unakokwenda kusoma, sitayagusa. Baridi, blanketi, vyakula vya njiani, marafiki wa kuchagua na wa kukimbia, hayo shangazi yako ameshayasema mara nane, na ukiyasikia tena kutoka kwangu utajua nazunguka. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Wiki hii tu nimekuita mara tatu nikuambie jambo moja. Mara ya kwanza nikakuuliza kama chai ina sukari. Mara ya pili nikakueleza kwa kirefu namna ya kuziba pancha, wewe binti wa fundi baiskeli, uliyeanza kuziba pancha ukiwa na miaka saba. Mara ya tatu ulinitazama ukasema, "Baba, wewe una jambo." Nikasema sina. Nilikuwa nalo.

Naliweka hapa mwanzoni usihangaike kulitafuta. Nataka upimwe homa ya ini, ile wanayoiita C. Mimi nilikuwa nayo. Nimetibiwa, imeondoka. Inawezekana nilikupa. Na nataka upimwe kabla hujaingia chuo cha maabara, kwa sababu jirani yetu aliyesoma chuo kama hicho ameniambia kwamba kwenye masomo ya vitendo mnatoboana vidole wenyewe kwa wenyewe ili mjifunze. Tangu aniambie nakuona umenyoosha kidole mbele ya darasa zima, unacheka, hujui. Sitaki ujulie pale.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipendelee.

Lile lingine unalijua, nalipita haraka. Naishi na virusi vya UKIMWI tangu una miaka kumi na miwili. Uliambiwa rasmi ukiwa kidato cha pili, siku nilipohamishia vidonge vyangu kwenye kopo la majani ya chai, nikijiona hodari wa kuficha. Ulikuja na kopo mkononi. "Baba, nataka kuchemsha chai. Nichemshe hivi?" Nikakukalisha, nikakuhutubia karibu saa nzima, na nilipomaliza ukasema, "Nilijua tangu darasa la saba. Nilikuwa nasubiri uniambie." Siku ile ilinipasa kujifunza kitu. Sikujifunza.

Unakumbuka pia kwamba zamani nilikuwa na kazi mbili. Asubuhi fundi baiskeli, jioni muumishi. Babu yako aliniachia boksi la spana na pembe tano za ng'ombe. Unaibandika pembe mgongoni, unafyonza hewa kwa mdomo kwenye kitundu cha ncha, unaziba kwa nta, ngozi inavimba. Halafu unaivua, unachanja vistari kwa wembe, unaibandika tena, na ile tuliyoiita damu chafu inatoka. Wateja wangu walikuwa wauza samaki wenye viuno, walimu wenye vichwa, wakwezi wa minazi wenye migongo. Wako leo wanaofanya hijama kwa glovu, wembe mpya kwa kila mtu na vikombe vya kutupa, na sina neno nao. Mimi nilikuwa mtu wa pembe tano na wembe mmoja wa siku nzima. Kati ya mteja na mteja niliuosha kwa maji ya moto na ndimu. Ndimu, Rukia. Niliona inavyoondoa shombo ya samaki mikononi mwa mtu, nikaamini hakuna isichoweza kukiondoa.

Na babu yako alikuwa na desturi, nayo nikairithi pamoja na pembe. Mteja akikaa, hasa mgeni, huukodolea wembe macho. Basi kabla sijamgusa nilijichanja mwenyewe kwanza, kistari kimoja juu ya mkono wa kushoto, mbele yake, nikamwambia, "Umeona? Hata mbu anauma kuliko huu." Mtu alicheka akageuza mgongo. Babu yako aliamini heshima yote ya muumishi iko hapo, na mimi nikaiongezea madoido, nikawa najichanja huku nasimulia habari za mpira. Watu walitoka mpaka Makorora kunifuata. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukipanda mapajani kwangu unaihesabu ile mistari. "Baba ana mkono wa daftari." Nilijisikia fahari. Sikuwahi kujiuliza wembe ulikuwa mgongoni mwa nani dakika tano kabla haujafika mkononi mwangu.

Ulipofika miaka kumi na mmoja ukaanza kuumwa kichwa. Ukirudi shule, kichwa. Ukirudi madrasa, kichwa. Mama yako akasema twende hospitali. Mimi nikaona ni sawa na mwoka mikate kwenda dukani kununua mkate. Ilikuwa Jumapili jioni, wateja wawili walikuwa wameondoka muda si mrefu. Nikakukalisha kwenye kigoda. Uliogopa, midomo imekukauka, lakini hukulia. Ulisema tu, "Anza wewe." Ulikuwa umeniona nikiwafanyia watu wote, ukataka haki yako. Nikajichanja, damu ikachomoza. Halafu kwa wembe ule ule, bila hata kuurudisha kwenye ndimu, kwa sababu ulikuwa mwanangu na niliona damu yangu ni damu yako, nikakuchanja vistari vitatu nyuma ya shingo.

Nikakununulia soda. Wiki mbili baadaye mwalimu wako wa hesabu akatuita, akasema Rukia ananakili tatu anaandika nane kwa sababu haoni ubaoni. Ulikuwa unahitaji miwani. Ulivaa miwani, na wiki ile ile kichwa kikaisha. Kwa miaka nilikutania kwamba wewe ndiye mwanamke wa kwanza Tanga nzima kuumikwa kwa ajili ya macho. Utani huo nimeuacha miaka miwili sasa. Labda uliona.

Mwaka uliofuata nikakonda, nikapimwa, nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nilimficha mama yako miezi minane. Alipojua aliniuliza swali moja tu, umevitoa wapi, nami nikasema wembe. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, safi, la heshima: mtu ameugua akihudumia watu. Sikusema kwamba miaka ile nilikuwa nakwenda Pangani kununua nazi, na kwamba nazi hazidai mtu alale huko siku tatu. Una miaka ishirini, nakuandikia kama mtu mzima. Mpaka leo sijui kwa hakika. Muuguzi wangu anasema kwa virusi hivi, Pangani ina nafasi kubwa kuliko wembe, na anasema hivyo akinitazama juu ya miwani.

Mama yako hakubishana. Alisema, "Kama ni wembe, basi na Rukia." Kesho yake akakupeleka kupimwa, wewe ukaambiwa ni malaria. Naye akapimwa. Nyote wawili mkakutwa salama. Alishukuru Mungu mchana kutwa, na jioni akaanza kukunja nguo zake. Usalama wako haukuthibitisha lolote kuhusu Pangani, lakini mama yako hakuwa akitafuta uthibitisho. Alikuwa amenisikia nikijibu haraka mno. Akaenda Muheza kwa mjomba wako na wewe ukabaki hapa kwa ajili ya shule. Ukimuuliza leo atakuambia hakuondoka kwa sababu ya virusi, na atakuwa amesema kweli.

Pembe nikazitia gunia. Wateja nikawaambia macho yangu hayaoni vizuri tena jioni. Ndivyo nilivyowaaga watu niliowachanja miaka kumi na mitano, kwa kisingizio cha macho, na nikakaa hivyo miaka sita.

Zingatia hili, kwa sababu ndilo linalotuleta leo. Mara ile mlipimwa virusi vya UKIMWI tu. Ini hakuna aliyelifikiria.

Miaka miwili iliyopita nikaanza kuchoka. Naziba pancha moja, napumzika kana kwamba nimepiga lipu nyumba. Nikasema ni umri. Kliniki ninakochukulia dawa wakanipima zaidi, halafu muuguzi wangu akanikalisha. Ni yule mama wa Kibondei unayemjua kwa sauti, anayepiga simu nikichelewa siku moja.

"Baba Rukia, umepata mgeni wa pili."

"Na wa kwanza hajaondoka."

"Ndiyo maana tunaharakisha. Wakikaa wote wawili, ini linachakaa upesi."

Akanieleza taratibu. Homa ya ini C inakaa ndani ya damu miaka kumi, ishirini, haikuumi popote, inatia makovu tu kwenye ini. Haipiti kwenye sahani, wala kwenye kikombe, wala kwa kupeana mkono. Inapita damu kwa damu: sindano ya kuchangia, wembe wa kuchangia. Nje ya mwili inaweza kukaa siku kadhaa bado ni hai, ndimu ipo au haipo. Akagonga meza kwa kalamu. "Kwa huyu wa pili, wembe wako una kesi."

Nililipenda jibu la wembe miaka yote ile kwa sababu lilinisitiri. Siku ile nikalipata kihalali, na kitu cha kwanza nilichokiona ni shingo yako.

Matibabu yenyewe hayakuwa na kisa. Daktari alizipatanisha kwanza dawa mpya na zile za zamani, kama mtu anayepatanisha mawifi, zisije zikagombana tumboni. Nikameza wiki kumi na mbili. Wewe nilikuambia ni vitamini, ukasema, "Baba siku hizi unataka kuoa." Nikacheka, nikameza. Miezi mitatu baada ya kumaliza walipima tena wakakuta virusi vya ini havipo. Makovu machache yamebaki, yanaangaliwa kila mwaka. Vile vya UKIMWI ninavyo, dawa imevilaza, na nitaendelea kumeza kila siku saa mbili usiku kama ulivyozoea kuniona.

Lakini kabla ya kidonge cha kwanza muuguzi alifungua daftari. "Nani mwingine amekatwa na wembe huo?" Nikaanza kutaja. Kwenye jina la kumi na nne akaweka kalamu chini.

"Baba Rukia, uliumika Chumbageni nzima?"

"Na Makorora kidogo."

Tukakubaliana niwaendee mwenyewe, mmoja mmoja, niwaambie waje wapimwe yote mawili. Zile wiki tatu nilizokuambia napeleka baiskeli za watu majumbani, nilikuwa kwenye kazi hiyo. Mzee Hatibu, muuza samaki, alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Kwa hiyo wewe umenipa mimi, au mimi nimekupa wewe?"

"Wallahi sijui, Mzee Hatibu."

"Basi keti unywe kahawa, mpaka ijulikane nani amkasirikie nani."

Alipimwa akakutwa salama. Akanipigia simu kunijulisha kwamba wa kukasirika ni yeye, ila kwa sasa ana samaki wengi. Bi Zuhura, aliyekuwa mwalimu wako wa darasa la pili, hakunikaribisha ndani. Alisikiliza maneno yote akiwa ameshika mlango, halafu akaufunga polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Yeye alikutwa nayo ile ya ini. Ametibiwa amepona. Tangu siku hiyo hajaniitikia salamu. Nikipishana naye natoa shikamoo yangu, naendelea na njia. Naona ana haki. Mwanamume mmoja alinifukuza hadi barabarani na kandambili mkononi, na wiki iliyofuata nikamkuta kliniki amekaa kwenye foleni, tukajifanya hatujuani.

Watu ishirini na watatu. Nilipomaliza, muuguzi alipiga mstari chini ya orodha, akasema, "Na Rukia?"

"Nitamleta."

Kila nilipokwenda kuchukua dawa aliniuliza. Nikasema baada ya mitihani ya kidato cha sita, mtoto asivurugwe. Mitihani ikaisha, nikasema tusubiri matokeo. Matokeo yakaja mazuri, na nani anataka kuharibu furaha. Nikasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha ikawa Idi, na baada ya Idi nikapata mafua, ugonjwa wa kwanza maishani mwangu ulionifurahisha. Yule mama hakunigombeza hata mara moja. Aliuliza tu, kila mwezi, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza jina la mgonjwa.

Sababu ya kweli nimechelewa kuiona, na ni ndogo kuliko visingizio vyake. Kwa Mzee Hatibu, kwa Bi Zuhura, kwa wale wote, palikuwa na "sijui". Huenda ni mimi, huenda ni wao, huenda ni kinyozi. Mtu anaweza kukaa akanywa kahawa na "sijui". Kwako wewe haipo. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kama kitu hicho kimo ndani yako, kilipita mkononi mwangu, iwe ni damu yangu au ya mteja aliyekutangulia, baada ya wewe kuniambia nianze mimi. Nilikuwa radhi kuwa baba mwenye virusi. Kuwa baba aliyekupa, hapana. Nikaona kipimo kisipofanywa, jambo lenyewe halijatokea. Niliweza kuwatazama watu ishirini na watatu usoni, na binti anayelala chumba cha pili nikamdanganya ni vitamini.

Nilipofika hapo niliweka kalamu, na nimerudi sasa baada ya saa moja na zaidi, ndiyo maana wino umebadilika.

Nikuambie kilichonitoa. Barua hii nilipoianza nilikusudia kuichomeka kwenye begi lako, chini ya mashuka, uikute Mbeya. Nilishachagua hata mahali. Niliona ni busara: usisafiri na wasiwasi, ufike kwanza, utulie. Nilipoandika lile neno la vitamini nikauona mpango wangu vizuri. Ungeisoma peke yako, mjini usikomjua mtu, ungetafuta hospitali kwa kuuliza njia, ungekaa kwenye benchi na watu usiowajua ukisubiri jina lako liitwe. Mimi ningekuwa hapa nakaza spoki, moyo mwepesi, nikijipongeza kwamba nimekwisha kusema. Ingekuwa ni kuficha kule kule, safari hii ndani ya bahasha.

Nikaenda stendi kuihamishia safari yako Ijumaa. Kijana aliyeniuzia tiketi yako ya basi akanipa shikamoo, akatazama jina lako.

"Mzee, kesho ana kiti kizuri, dirishani. Kwa nini uhamishe?"

"Kesho tuna hospitali."

"Binti anaumwa?"

"Sijui."

Akaniangalia. "Hujui?"

"Hospitali ndiyo kazi yake."

Akafuta, akaandika Ijumaa. Dirishani hakuna tena. Utakaa kiti cha kati mpaka Mbeya. Liongeze hilo kwenye makosa yangu, pamoja na kuhamisha safari yako bila kukuuliza. Chuo kinapokea wanafunzi mpaka Jumatatu, hujachelewa. Kama hutaki, tiketi inaweza kurudishwa ya kesho. Nimemuuliza, na amesema mwisho ni saa mbili usiku. Uamuzi ni wako, na nitaufuata.

Nikiwa bado pale stendi nikampigia muuguzi.

"Ni Baba Rukia."

"Jina limetokea. Dawa zimeisha?"

"Namleta kesho."

"Nani?"

"Rukia."

"Anajua?"

"Jioni hii atajua."

"Mje saa mbili. Na wewe uwe umekula, Baba Rukia. Sitaki uanguke hapa kabla yake."

Hivi ndivyo itakavyokuwa ukikubali. Watakutoboa kidole, watasubiri dakika chache. Kikisema hakuna, hakuna, na utapanda basi Ijumaa ukiwa na baba mwongo na ini zima. Kikisema kipo, maana yake ni kwamba mwili wako uliwahi kukutana na kirusi hicho, basi. Miili mingine, hasa ya watoto, hukifukuza yenyewe. Hapo watachukua damu ya mkononi waipeleke kipimo cha pili, na majibu yake yatachukua siku. Utaweza kwenda chuo ukiyasubiri. Nitayafuatilia mimi hapa na nitakupigia saa ile ile, si baada ya Idi. Na kama kirusi chenyewe kipo, dawa nimezimeza, naijua ladha yake. Wiki kumi na mbili. Wewe utakuwa na mgeni mmoja wa kufukuza, si wawili kama mimi, na ini lako halina hata nusu ya umri wa langu. Watakupima na UKIMWI tena kwa kuwa ndio utaratibu. Hayo ameyasema muuguzi, nimeyaandika kama alivyosema, nikiwa nimeshikilia simu kwa bega na kalamu juu ya bahasha ya tiketi.

Sitakuambia usiogope. Mimi naogopa, na hata si shingo yangu.

Kitu kimoja tu kuhusu kazi unayoiendea, halafu nakuachia. Watakuja kwako watu wa aina yangu, wachangamfu, wanaojibu upesi. Ukimuuliza mtu kama ana watoto au mke wa kupimwa naye akasema nitawaleta, mwandike, halafu muulize tena mwezi ujao. Nimeulizwa mara ishirini na tatu kwa hesabu yangu, sawasawa na orodha, na iliyofanya kazi ni ile ya ishirini na nne, ambayo alikuwa hata hajaniuliza.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Nachukua baiskeli, nakuja Pongwe. Nitakukabidhi barua hii mkononi na kukuomba uingie chumba cha bibi yako uisome, kwa sababu mdomo wangu nimeujaribu na hauwezi. Mimi nitakuwa nje na bibi yako, namsikiliza habari za mbuzi zake. Bibi hajui lolote. Ukipenda kumwambia, mwambie, sitakuzuia.

Usiharakishe kunisamehe. Nakujua, utatoka na mzaha ili nisijisikie vibaya, na mimi nitaupokea mzaha huo kwa mikono miwili, nitacheka, na jambo litakuwa limepita tena. Leo usinipe. Ukitaka kukasirika, kasirika mpaka Mbeya na kurudi. Ukitaka kulala hukohuko kwa bibi usinione usoni, lala, nami nitarudi Chumbageni peke yangu.

Ila kesho saa moja asubuhi nitakuwa hapo mlangoni kwa bibi yako, nimekula. Usiseme neno njiani kama hutaki. Toka tu na miwani yako, tuondoke.

Baba yako